Posti isiyoonekana ni haki iliyofichwa



Leo hatutasema juu ya bei ya shaba wala bei ya bunga. Tunataka kusema juu ya kitu chenye kuwa mu mfuko wa kila mmoja wetu: telefone. Na tunaanza na kosa letu wenyewe, juu mwenye kutaka kufagia parsela ya jirani aanze na yake.

Kuko kompanyi moja ya sutretansi iliyomaliza kontra yake ku mine moja ya hapa kwetu Kolwezi. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani, kila mtu na karatasi ndogo mkononi. Sisi wa sendika tulikaa siku mbili na kalkilatrisi. Tuliandika vizuri namna hesabu ya mwisho inapaswa kufanywa: siku za kazi zisizolipwa, konje isiyochukuliwa, preavi. Tuliandika ni karatasi gani mtu alete, na siku gani tutaenda pamoja ku Inspeksio ya Kazi. Yote hayo tuliweka ku tovuti ya sendika, ile vijana wanaita siti. Halafu tukaweka posti moja ku Facebook. Posti ile ilikuwa na nini? Ilikuwa na kachet yetu, namba ya komunike kwa Kifaransa, na mstari mmoja wa buluu wa kufinya. Basi. Tuliiweka saa ine ya asubuhi, wakati ekipi ya kwanza iko chini mu shimo na ekipi ya usiku iko inalala. Tukarudi nyumbani na moyo mweupe: tumetangaza.

Siku ile ile, mtu tusiyemjua akatuma sauti mu WhatsApp. Sekonde kidogo tu: "Bandugu, banalipa leo ku mlango wa mine, feza mkononi, kuja na karte ya electeur!" Mbele ya jua kushuka, barabara ilijaa. Watu walikopa feza ya moto ili wafike. Bamama walikuja na batoto mgongoni. Walikuta mlango umefungwa na walinzi wasiojua kitu.

Papa mmoja, mwenye miaka mingi ya kazi, alitufuata kesho yake ku biro. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kama mulijua, juu ya nini hamukutuambia?" Tukajibu: "Papa, tuliweka." Akatuangalia, akauliza tena: "Muliweka wapi?"

Swali lile hatujalisahau. Wengine kati ya wenzake walikuwa wamekwisha kusainia karatasi ya kompanyi bila kuisoma, juu feza ya nyumba ilikuwa inangojwa. Maelezo yetu yangeweza kuwasaidia. Yalikuwa pale, kamili, sawasawa, na hakuna mtu aliyeyaona. Uongo wa sekonde kidogo ulipita mbele ya ukweli wa siku mbili.

Wazo letu leo ni hili: kuandika haki ya mfanyakazi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufanya ionekane, na kumshika mkono mwenye kuiona mpaka afike mahali karatasi yenyewe iko. Sendika yenye kufanya nusu ya kwanza tu isijisifu.

Kutangaza si kuonekana

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Angalieni nchi yetu. Tangu mwaka 2011 kuko dekre yenye kulazimisha Serikali kutangaza kontra za mali ya chini ya ardhi. Tuko na ITIE, yenye kutoa raporo juu ya feza kompanyi za mine zinalipa. Tuko na Kode ya Mine iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kode hiyo inasema kompanyi yenye kuchimba iweke pembeni 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wenye kukaa pale inachimba. Inasema tena kwamba ile ada ya mine, ile tunaita redevance, inagawanywa: 50% ku Serikali ya Kinshasa, 25% ku provense, 15% ku komini, sekta ama shefferi yenye mine iko ndani yake, na 10% ku mfuko wa vizazi vyenye kuja.

Sasa tuulize kwa ukweli. Kati ya bamama wa Luilu, wa Kapata ama wa Musonoi, ni wangapi wanajua kwamba kuko kaye yenye kuandikwa ahadi za kompanyi kwa vijiji, kaye de sharje, yenye kusema foraje ngapi, masomo ngapi, lopitali ngapi? Karatasi nyingi za namna hiyo ziko ku intaneti. Mkubwa akiulizwa, anajibu sawa na sisi tulivyojibu yule papa: "Tuliweka." Ni jibu lenye kufunga mdomo. Lakini karatasi haina miguu. Mtu asipoitembeza, inabaki pale inalala, na mwenye kupashwa kuitumia anachota maji ku mto.

Kwa hiyo tusicheke Serikali wala kompanyi peke yao. Kama sisi wa sendika tunafanya vile vile, tutawalaumu kwa mdomo gani?

Nini inafanya posti yetu isionekane?

Tulijiuliza. Tuliita vijana wetu wenye kujua, tukakaa nao, tukajifunza. Tuliyoyapata ni haya.

La kwanza, Facebook si kibao cha matangazo ku mlango wa mine. Ku kibao, kila mwenye kupita anaona. Facebook iko na mashine yenye kuchagua: inatupa posti kwa watu kidogo kwanza, inaangalia kama wanasimama kusoma, kama wanajibu, kama wanapartaje. Wakipita tu, mashine inaiacha ianguke. Wakibaki, inaipeleka mbele kwa wengine. Tena mu Januari 2018 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba itapandisha posti za marafiki na jamaa juu ya zile za paje. Maana yake: paje ya sendika ikisema peke yake, sauti yake ni ndogo. Wafanyakazi wenyewe wakiisema, kila mtu ku majirani na jamaa yake, sauti inakuwa kubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulifikiri methali ile ni ya greve tu, kumbe ni ya telefone pia.

La pili ni mega. Hapa ndipo wasomi wa Kinshasa hawatuelewi. Wengi wetu hatununui intaneti yote. Tunanunua forfe kidogo ya WhatsApp na Facebook, ile ya bei chini. Ukiwa na forfe ile, unaona posti, unaona mstari wa buluu, lakini ukifinya kutoka inje ya Facebook, telefone inasema hakuna mega, ama inakula inite yako ya kupigia mke simu. Nani atafinya? Na sisi nyuma ya mstari ule tulikuwa tumeweka karatasi yenye kupigwa picha kwa skanari, nzito sawa na jiwe. Hata mwenye mega alingojea gurudumu lizunguke, akachoka, akafunga. Tulikuwa tumewajengea watu mlango, halafu tukaweka ukuta nyuma yake.

La tatu ni luga. Posti yetu ilisema Kifaransa cha tribinali. Mshahara tunaudai mu Kiswahili, tunaugombania na bibi mu Kiswahili, tunaulilia mu Kiswahili. Tangazo la mshahara tunaliandika mu Kifaransa cha avoka. Tunamwandikia nani? Sheria iko mu Kifaransa, ni kweli, na artikle yake iandikwe vile iko. Lakini mlango wa kuingia ndani uwe wa Kiswahili chetu.

La ine ni saa. Mtu wa mine haishi na saa ya biro. Kuko saa ya kupanda bisi, saa ya kushuka, saa ya kungoja kubadilisha ekipi. Ni pale telefone inatoka mu mfuko. Posti ikiwekwa saa ine ya asubuhi, ekipi ikitoka inakuta imekwisha kuzikwa chini ya mipira, misiba na miziki.

Wenye kutupinga

Tulipoleta maneno haya mu mkutano wa wadelege, wengine walikataa, na hawakukosa sababu. Tuyasikilize.

Mzee mmoja alisema: "Sendika ilijengwa ku mlango wa mine, uso kwa uso. Munataka kutugeuza vijana wa kutafuta 'j'aime'?" Tunamheshimu, na tunakubali nusu ya maneno yake. Kidole cha "j'aime" hakilipi hesabu ya mwisho ya mtu. Watu elfu wanaweza kufinya kidole na shimo likabaki bila vantilasio. Lakini mzee ajue kwamba mlango wa mine wa leo si ule wa zamani. Wakati wa Gécamines kubwa, wafanyakazi walikaa mu kambi moja, wakapanda lori moja, wakakunywa mu bari moja. Neno likisemwa asubuhi, jioni kambi yote inalijua. Leo mine moja iko na kompanyi kumi za sutretansi. Mmoja anakaa Manika, mwingine Dilala, mwingine ameacha jamaa Likasi ama Lubumbashi. Hawakutani. Wanakutana mu telefone. Tukikataa kuingia mule, tunawaachia mule wenye uongo.

Wengine walisema: "Basi, tutumie WhatsApp tu. Tovuti ya nini? Inakula feza." Hapa tunakataa kabisa. WhatsApp ni ya kuita watu, si ya kuweka akiba. Kikundi kinafika watu 1,024, halafu kinafungwa. Ujumbe unapanda, kesho hauupati. Telefone ikianguka mu maji, historia yote inaanguka nayo. Tena WhatsApp yenyewe imefunga mikono ya kupitisha ujumbe: tangu Januari 2019 unapitisha mahali 5 tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupitishwa mara nyingi unaenda mahali moja moja tu. Na lililo kubwa: kapture ya WhatsApp haina tarehe ya kuaminika, haina mwenyewe, kila mtu anaweza kuikata na kuishona upya. Ukiipeleka mbele ya patro, avoka wake atacheka. Lakini karatasi yenye kuwa ku tovuti ya sendika, na tarehe, na saini, na artikle ya sheria, wote wanaikuta vile vile, leo na mwaka kesho. Posti ni kengele, tovuti ni nyumba. Kengele ikilia bila nyumba, watu wanakusanyika ku barabara, sawa na siku ile ya feza ya uongo.

Wengine tena walisema: "Tulipe Facebook, isukume posti zetu mbele." Hilo liko, watu wanalifanya. Lakini feza ya sendika ni kotizasio ya mtu mwenye kushuka mu vumbi. Isitoke bila mkutano kukubali, na isitoke mbele ya sisi kufanya vile visivyolipwa. Ukilipa ili posti mbaya isukumwe, umenunua kelele tu.

Tusiite watu kwa uongo

Kuko hatari moja tunataka kuisema wazi, juu imekwisha kuingia mu nyumba yetu. Kijana mmoja wetu, kwa moyo mzuri, aliandika: "MSHAHARA UMEPANDA! Finya hapa uone." Watu walifinya sana. Ndani walikuta nini? Tangazo la mkutano wa kuzungumza juu ya mshahara. Siku ile tovuti ilipata wageni wengi kuliko siku zote. Na posti ya kufuata, yenye kuwa ya kweli, hakuna aliyeifinya. Njia ya mwongo ni fupi. Mgeni aliyedanganywa mlangoni harudi.

Tusisahau mwaka 2025. Tarehe 22 Februari, Arecoms ilisimamisha kutoa kobalti inje ya nchi kwa miezi 4, halafu ikaongeza miezi 3. Mu Oktoba yakaja makota. Ilikuwa amri juu ya kuuza inje. Lakini mu telefone zetu ilikuwa nini? "Mine zote zinafungwa!" Kuko waliouza kitanda na frigo ili warudi kijijini. Kama siku ile ile sendika ingeweka posti yenye kuonekana, kwa Kiswahili, yenye kusema "Wamesimamisha kuuza kobalti inje, hawakufunga mine, soma hapa amri yenyewe na haki yako kama patro anakutuma konje", ni jamaa ngapi zingelala usingizi?

Tena mujue: Kode ya Nimeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu mwenye kupitisha habari ya uongo mu mitandao. Mfanyakazi mwenye kupartaje bila kusoma anaweza kujikuta mbele ya jaji, na patro atafurahi. Ndiyo sababu kufika ku karatasi yenyewe si anasa. Ni kinga yako.

Kile tunaomba sendika zote zifanye

Tuseme sasa vitu vya kushika na mkono.

Kila posti iseme jambo lenyewe mu mistari miwili ya kwanza, mbele ya kuomba mtu afinye. Mwenye hana mega aondoke na kitu. Kama ni siku ya mwisho ya kuleta karatasi, tarehe iwe pale juu. Tovuti itamfaa akipata mega, ama akienda kwa jirani mwenye nazo. Usimfiche mtu mkate ili umvute mpaka mu duka.

Tuandike swali lenye kumgusa mtu. Usiandike: "Komunike juu ya dotasio ya 0.3%." Andika: "Kijiji chenu kiliahidiwa foraje ngapi? Angalia hapa, halafu hesabu zile ziko." Mama atahesabu, atajibu mu komantere, jirani yake atambishia, na mashine ya Facebook itaona watu wanazungumza, itaipeleka mbele. Lakini tusiombeombe: "tia kidole, partaje kwa watu kumi." Facebook ilitangaza mu Desemba 2017 kwamba inashusha posti za namna ile, na watu wenyewe wanachoka nazo. Kuzungumza kwa kweli kunatosha.

Mwenye kuuliza mu komantere ajibiwe siku ile ile, na mtu mwenye jina. Hakuna kitu kinaua paje sawa na maswali yenye kubaki bila jibu. Delege mwenye hajibu ku Facebook ni sawa na delege mwenye kufunga biro saa ya kazi.

Kiungo kiwe kimoja tu, kifupi, na kikifinywa kifungue ukurasa mwepesi wa maandiko, si picha nzito. Karatasi nzito iwe chini yake, kwa mwenye kuitaka. Na vijana waangalie mbele ya kutuma: kiungo kikionekana mu WhatsApp, kinaleta picha gani na kichwa gani? Kama kinaleta kachet tu, mtu anaruka. Kama kinaleta "Hesabu ya mwisho: mambo 6 ya kuangalia mbele ya kusaini", anasimama.

Kwa wasiosoma, tuweke sauti. Ule mwongo alitushinda na sauti; tumshinde na sauti. Dakika moja ya Kiswahili, delege ajitambulishe, aseme tarehe, aseme mwisho: "karatasi yenyewe iko ku tovuti ya sendika." Watu wakizoea sauti ile, sauti ya mgeni itawashtua.

Saa iwe saa ya mine. Mbele ya bisi ya asubuhi, na wakati ekipi inashuka. Jambo la maana lirudishwe tena siku ya pili kwa maneno mengine, juu mwenye alikuwa mu shimo jana hakuona.

Picha, tuwe waangalifu. Msipige picha ndani ya karie ama mu usine ili paje yetu ipendeze. Kompanyi nyingi zinakataza, na wanangoja sababu kama ile ili wakufukuze. Msionyeshe uso wala fishi ya mshahara ya mwenzako yenye jina na matrikile. Kuonekana tunakotafuta ni kwa jambo, si kwa mtu. Sendika yenye kumuonyesha mfanyakazi ili ipate wageni imemuuza.

Tena tusiweke mayai yote mu kikapu cha intaneti. Munakumbuka mwisho wa 2018: tarehe 31 Desemba, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, tukakaa karibu siku 20. Kwa hiyo adresi ya tovuti iandikwe pia ku kibao cha sendika, ku bisi, ku redio za hapa kwetu, na mu gazeti hili. Na karatasi ya maana ipigwe chapa, iwekwe ku mlango, vile mzee alisema. Hapo tunamrudishia nusu yake ya haki.

Tuhesabu nini?

Neno la mwisho ni hili, juu ndilo wengi wanakosea. Vijana wetu wanafurahi wakiona namba inapanda: watu waliona, watu walifinya. Namba ile ina maana, inatuonyesha kama mlango uko wazi. Lakini sendika haiuzi sabuni. Kwetu hesabu ya kweli ni mtu mwenye kufika ku biro na fishi yake mkononi, mwenye kusema: "Nilisoma kwenu kwamba konje yangu inapaswa kulipwa, na hapa sioni." Hesabu ya kweli ni mama mwenye kusimama mu mkutano wa kijiji na kumuuliza mkubwa: "Kaye inasema foraje, tunaona bomba moja tu, na limevunjika. Ingine iko wapi?" Kama watu elfu walifinya na hakuna aliyekuja, tulicheza. Kama watu ishirini walifinya na kumi wakaja, tulifanya kazi.

Tangu tukose siku ile, tumebadilisha kidogo. Mu kila ekipi tumeomba mtu mmoja wa telefone: mwenye kupokea posti mbele, mwenye kusoma karatasi yenyewe, mwenye kuipartaje kwa jina lake na kujibu wenzake mu bisi. Hatuna feza ya kuwalipa. Tunawanunulia mega, na matumizi yote yanasomwa mu mkutano. Kazi haijawa nzuri bado. Kuko posti zetu zenye kupita bila mtu. Lakini sasa tunajua zimepita, tunauliza juu ya nini, tunaziandika upya.

Ombi letu kwenu ni dogo. Ukiona tangazo la sendika, usifinye kidole tu na kupita. Lisome. Kama halieleweki, tuambie ku komantere, hata kwa ukali. Kama linaeleweka, lipitishe kwa mmoja mwenye kulihitaji, na umwambie: usisainie kitu mbele ya kusoma ile yenye kuwa ndani. Na wewe mtoto mwenye kusoma sasa kwa sauti: papa akikuja amechoka na mega zimeisha, mufungulie ukurasa ule ku telefone yako, umusomee. Unaweza kuwa umeokoa konje ya mwaka mzima.

Yule papa bado tunakutana naye. Fayili yake iko ku Inspeksio, tunaifuata. Na kila mara mbele ya kutuma posti, mmoja wetu ku biro anauliza wengine kwa sauti: "Tunaweka wapi?" Hatutumi mpaka jibu lipatikane.